Yakini ya Mauti Kabla ya Kaburi: Ubainifu wa Khofu ya Kuzikwa Hai

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha, Aliyeuweka kila uhai kwa muda wake na kila mauti kwa saa yake. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Amma baad. Katika mambo yanayowatia watu khofu, na wengi wakaona haya kuyasema, ni khofu ya mtu kudhaniwa amekufa naye yu hai, akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa, akatiwa mwanandani, kisha akarejewa na fahamu zake katika giza la udongo. Wako wanaoicheka khofu hii na kusema ni ya watoto na wanawake. Na wako walioshikwa nayo mpaka wakausia wasizikwe upesi, hata kama mauti yao ni dhahiri. Hawa wote wawili wametoka katika njia ya kati. Sharia imekwisha kulisema jambo hili tangu zamani, na wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wamelieleza kwa urefu katika milango ya jeneza. Makusudi ya waraka huu ni kuyakusanya waliyoyasema, na kuyaweka pamoja na yale yaliyothibiti kwa matabibu, ili wafiwa wajue wakati gani waharakishe na wakati gani wangoje.

FASILI YA KWANZA: Uzito wa jambo lenyewe

Ajue msomaji kwamba kumzika mtu hai ni kumuua. Katika zama za Ujahili walikuwako Waarabu waliowazika mabinti zao wachanga kwa khofu ya ufukara na aibu, na Qur'ani ikalitaja jambo hilo kwa makemeo makali, kwamba mtoto huyo ataulizwa Siku ya Kiyama ni kwa dhambi gani aliuawa. Wale walifanya kwa kukusudia, na mwenye kukosea si sawa na mwenye kukusudia. Walakini aliyeweza kuhakikisha akapuuza, akakimbilia kuchimba kwa sababu jua linakuchwa au wageni wanangoja, hawezi kusema kwamba hana lawama. Nafsi ya mwanadamu haitolewi katika hukumu ya walio hai kwa dhana. Asili ya mtu ni uhai mpaka yathibiti mauti, na kanuni ya wanavyuoni ni kwamba yakini haiondolewi na shaka.

Tena kuthibiti mauti si jambo la kaburi peke yake. Mauti yakisemwa, mali inakuwa ya warithi, mke anaingia eda ya miezi 4 na siku 10, na wasia unaanza kutekelezwa. Akidhihiri mtu kuwa yu hai, hayo yote yanarejea: mali ni yake na mke ni mkewe. Basi tazama neno dogo la mtu mmoja chumbani, "amekwisha", linavyobeba mambo mengi, nawe utajua kwamba halifai kutamkwa na kila mtu.

FASILI YA PILI: Kuharakisha na kuhakikisha

Watu wengi wa pwani wanajua nusu moja ya sunna, nayo ni kuharakisha. Ni kweli kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, ameamrisha jeneza liharakishwe. Akaeleza maana yake, kwamba maiti akiwa mwema anapelekwa penye kheri yake, na akiwa si hivyo ni shari inayotuliwa kutoka mabegani. Hadithi hiyo imepokewa na Abu Huraira, na iko katika Sahihi mbili. Mwenye kulichelewesha jeneza bila ya sababu ameikhalifu sunna.

Lakini nusu ya pili ni hii: kinachoharakishwa ni jeneza, na jeneza ni la maiti. Ambaye mauti yake hayajathibiti si maiti bado, na amri ya kuharakisha haijamfikia. Imamu Shafi'i, aliyezaliwa mwaka 150 Hijria na kufa mwaka 204, amelieleza hili katika kitabu chake Al-Umm. Amependa jamaa wasifanye haraka ya kumuosha mtu, kwa sababu huenda amezimia tu nao wakamdhania amekufa, mpaka waone alama za mauti zinazojulikana. Wakiziona, hapo waharakishe, kwani kuharakisha ndiko kumtekelezea haki yake. Kisha akamtaja aliyepigwa na radi, na aliyefadhaishwa na vita au mnyama mkali, na aliyeanguka mlimani. Hawa akapenda wangojewe mpaka ikhofiwe kubadilika kwao, hata ikifika siku mbili au tatu, kwa kuwa khabari zilimfikia kwamba mtu huweza kupotewa na akili kwa pigo kama hilo kisha akazindukana baada ya siku mbili.

Na katika maneno hayo hayo Imamu amesema kwamba maiti hangojewi kwa ajili ya mtu asiyekuwapo, awe nani awaye. Hapa pana la kuzingatia kwa watu wa leo. Maiti ambaye mauti yake hayana shaka huwekwa siku mbili akingojewa mwana aje kutoka Ghuba au Ulaya. Na kijana aliyetolewa majini saa nne huzikwa adhuhuri, wala hapana aliyesikiliza moyo wake. Wamengoja pasipo na ruhusa ya kungoja, na wakaharakisha palipotakiwa subira.

Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 Hijria, katika Minhaji yake ameifunga haraka ya kuosha kwa sharti ya kuyakinika mauti. Na katika Majmu'u ameeleza kwamba ikiwa pana shaka, kama mtu hakuwa na maradhi, au yawezekana ameshikwa na sakta, yaani kiharusi kinachomwangusha mtu ghafula asitikisike, basi acheleweshwe mpaka yakini ipatikane kwa kubadilika harufu au kwa jambo jingine.

Kadhi Ibn Rushd wa Kurtuba, aliyekufa mwaka 595 Hijria, alikuwa faqihi wa madhehebu ya Imamu Malik na alikuwa tabibu pia. Yeye ametaja kwamba katika madhehebu yao hupendekezwa kumchelewesha aliyezama, kwa kukhofia kwamba maji yameufunika uhai wake usionekane. Kisha akasema kwamba likisemwa hili kwa aliyezama, basi ni bora zaidi kusemwa kwa wagonjwa wengi wengine, na kwamba matabibu wamefika kusema mwenye sakta asizikwe ila baada ya siku tatu.

Na aliyelitilia mkazo zaidi katika watu wa madhehebu ya Shafi'i ni Ibn Hajar al-Haitami, aliyekufa Makka katika karne ya 10 ya Hijria, naye kitabu chake Tuhfa ni tegemeo la wanavyuoni wa Hadhramaut na wa pwani yetu. Amenakili kwa matabibu kwamba wengi wanaokufa kwa sakta kwa dhahiri huzikwa nao wahai, kwa kuwa ni shida kuyajua mauti ya kweli katika hali hiyo ila kwa matabibu waliobobea. Akasema kwamba zile alama zilizotajwa na mafaqihi zinafaa pasipo na shaka. Ama penye shaka, ni lazima kungoja mpaka kubadilika mwili kudhihiri. Basi asije mtu akasema kwamba kungoja ni bidaa iliyoletwa na hospitali.

FASILI YA TATU: Alama za mauti

Mafaqihi wametaja kulegea kwa nyayo zisisimame, kufumuka kwa vifundo vya mikono, kuinama kwa pua, kunyoka kwa ngozi ya uso, na kubonyea kwa panja. Alama hizi ni za kweli kwa mgonjwa aliyeuguzwa siku nyingi na sakarati yake ikaonekana na watu. Lakini kulegea viungo hupatikana pia kwa aliyezimia, na kwa hiyo ndipo Ibn Hajar akaziwekea mpaka.

Matabibu wa leo wamezigawa alama mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni alama za kukoma: kukoma pumzi, kukoma mapigo ya moyo, mboni za macho kupanuka zisijikunje zinapomulikwa taa, na mtu kutojibu kwa sauti wala kwa maumivu. Alama hizi hutakiwa zitazamwe kwa muda. Kule Uingereza, mwongozo wa matabibu wa mwaka 2008 umetaka moyo na pumzi vitazamwe si chini ya dakika 5 kwa kusikiliza na kupapasa. Kwa hiyo kushika kifundo cha mkono kidogo na kusema hapana mshipa si kuhakikisha. Mshipa wa mkono hupotea kwa mtu aliyepungukiwa damu au aliye baridi, na moyo wake ungali ukipiga. Ushike mshipa wa shingoni, kando ya koromeo, na sikio liwekwe kifuani. Ama kioo mbele ya pua, au unyoya, au bakuli la maji kifuani, hivyo ni vipimo vya watu wa kale, navyo hudanganya. Pumzi ndogo sana haitii ukungu kiooni, na upepo wa dirishani hutikisa unyoya wa maiti.

Fungu la pili ni alama za kubadilika, na hizi hazina shaka. Ya kwanza ni damu kuteremka upande wa chini wa mwili kwa uzito wake. Maiti aliyelazwa chali huonekana mabaka mekundu ya zambarau mgongoni na nyuma ya mapaja, nayo huanza kuonekana kwa kadiri ya nusu saa mpaka saa mbili. Ya pili ni kukakamaa. Huanza katika taya na shingo baada ya saa mbili au zaidi, kisha huenea mikononi na miguuni, na katika nchi za joto huja mapema zaidi. Ya tatu ni kuoza: tumbo kugeuka rangi ya kijani upande wa kulia chini, kuvimba, na harufu. Ama ubaridi wa mwili peke yake si hoja, kwani aliye hai akatolewa majini huwa baridi, na maiti katika chumba cha joto hukaa na vuguvugu kwa muda mrefu.

Hapa inaonekana rehema ya sharia katika josho. Maiti wa Kiislamu hapiti kaburini ila amegeuzwa ubavu kwa ubavu, akapanguswa tumbo, akatazamwa mwili. Muosha maiti mwenye maarifa ni mlinzi wa mwisho. Akiona taya limekakamaa na mgongo una mabaka, moyo wake utulie. Na akiona mwili umelegea wote baada ya saa nyingi, hauna baka hata moja, au jeraha linatoka damu kwa kudunda, basi aweke kata chini na aite tabibu, wala asione haya mbele ya wafiwa.

FASILI YA NNE: Wanaokhofiwa zaidi

Si kila mauti yana shaka. Mzee aliyeugua miezi, akakata roho mbele ya wanawe nao wakimtamkisha shahada, huyo aharakishwe. Shaka iko kwa watu hawa:

Aliyezama. Pwani ni watu wa bahari, na jambo hili huwafika wavuvi na watoto. Anapotolewa majini, la kwanza si kumfunika nguo. La kwanza ni kumpulizia pumzi kinywani na kumbinya kifua kwa nguvu mpaka afike kwa tabibu.

Aliyepigwa na radi au na stima. Huenda moyo ukarejea kupiga wenyewe na pumzi zisirejee, akafa kwa kukosa wa kumpulizia. Huyu ndiye Imamu Shafi'i aliyemtaja miaka elfu na mia mbili iliyopita.

Aliyeumwa na nyoka. Sumu ya koboko na ya baadhi ya fira hupooza viungo, hata kope zisifunguke na kifua kisipande, na mtu huyo huweza kuwa anasikia yote yanayosemwa juu yake. Akisaidiwa kupumua na kupewa dawa, hupona.

Aliyekunywa sumu ya wadudu, na aliyezidisha afyuni na unga wake. Balaa hii ya unga imeingia katika miji ya pwani, na vijana wengi hukutwa vichochoroni pumzi zao zimekuwa chache mno, midomo imegeuka buluu, na mboni zimekuwa kama tundu la sindano. Wengine hawaguswi kwa kuwa wanadharauliwa. Nayo iko dawa iitwayo nalokisoni inayoweza kuwarudishia pumzi kwa dakika chache. Dhambi yake iko kati yake na Mola wake, na uhai wake ni amana kwa aliyemkuta.

Mwenye maradhi ya sukari aliyepungukiwa na sukari kwa ajili ya dawa, mwenye kifafa baada ya degedege, mwenye homa ya malaria iliyopanda kichwani, na mtoto mchanga aliyezaliwa halii. Hawa wote huzimia kuzimia kunakofanana na mauti.

Wala mtu asidhani kwamba hizi ni khabari za vitabuni tu. Mwezi wa Januari 2014, katika mji wa Naivasha nchini Kenya, mtu aliyekunywa sumu ya wadudu alihesabiwa maiti, akazindukana katika nyumba ya kuwekea maiti. Na mwaka 2020, katika upande wa Kericho, mwingine alizindukana wakati mwili wake ulipoanza kukatwa mguuni ili utiwe dawa ya kuhifadhi. Matukio haya ni machache mno kwa hesabu ya wanaokufa. Lakini uchache wake si hoja kwa yule mmoja aliyefikwa.

FASILI YA TANO: Khabari za waliotangulia

Ibn Abi Usaibia, mwandishi wa khabari za matabibu, aliyekufa mwaka 668 Hijria, amepokea kisa cha Ibrahim bin Salih, binamu yake Khalifa Harun al-Rashid. Tabibu mkubwa wa Khalifa alitoa khabari kwamba mgonjwa hatavuka usiku. Akaja tabibu wa Kihindi, Salih bin Bahla, akasema hafi kwa maradhi yale. Usiku ikasemwa amekufa, akakafiniwa. Yule Mhindi akaapa kwamba yu hai, akamdunga sindano chini ya ukucha, na mkono ukavutwa. Kisha akataka mambo mawili kabla ya kumtibu: avuliwe sanda, na aoshwe harufu ya manukato ya maiti, kwa kukhofia asije akazindukana akajiona katika sanda akafa kweli kwa fadhaa. Ndipo akampuliza puani unga wa dawa ya chafya, akapiga chafya, akaketi. Mwandishi amesema kwamba aliishi baada ya hayo akatawala Misri.

Katika nchi za Ulaya khofu hii ilienea sana katika karne ya 18 na ya 19. Mwaka 1740 tabibu Winslow wa Paris aliandika kwamba alama zilizotegemewa zama zile hazina yakini, na Bruhier akaeneza maneno hayo kwa visa vingi, vingine vya kweli na vingine vya uvumi. Tabibu Hufeland akasababisha kujengwa katika mji wa Weimar, mwanzoni mwa miaka ya 1790, nyumba ya kungojea maiti, ambamo miili ililazwa na kulindwa mpaka ianze kuoza. George Washington wa Marekani, alipokuwa akifa mwezi wa Disemba 1799, aliusia asitiwe kaburini kabla ya siku tatu. Alfred Nobel, katika wasia wake wa mwaka 1895, alitaka mishipa yake ikatwe baada ya kufa kwake na matabibu washuhudie. Wengine wakabuni majeneza yenye kengele, bomba la hewa na bendera, na mwaka 1896 ikaundwa London jumuia ya kuzuia watu kuzikwa mapema.

Kilichoipunguza khofu hiyo si kengele. Ni maarifa. Mwaka 1816 tabibu Laennec wa Ufaransa alibuni chombo cha kusikilizia kifua, na mwaka 1846 mwenziwe Bouchut akabainisha kwamba kukosekana kwa sauti ya moyo kwa muda wa kusikiliza vema ni alama ya mauti inayotegemewa. Ama kengele za kaburini, ziliweza kulizwa na maiti mwenyewe, kwa kuwa mwili unapovimba na kuoza husogea.

Na katika jambo hili iko faida. Visa vingi vya watu waliofukuliwa wakakutwa wamegeuka, au wana damu kinywani, au kucha na nywele zimekuwa ndefu, si dalili ya kuzikwa hai. Hewa za kuoza huvimbisha tumbo, zikasukuma majimaji ya damu mpaka kinywani na kugeuza viungo. Ngozi hukauka na kurudi nyuma, kucha zikaonekana zimeota. Mwenye kukiona kitu kama hicho asimtuhumu muosha, wala asivunje sitara ya maiti kwa kusimulia barazani.

FASILI YA SITA: Masuala na majawabu

Suali: Ikisikiwa sauti kutoka katika kaburi jipya, je, si adhabu ya kaburi?

Jawabu: Adhabu ya kaburi ni haki, na kuiamini ni wajibu. Walakini imethibiti katika hadithi sahihi kwamba ukelele wa anayeadhibiwa husikiwa na viumbe isipokuwa wanadamu na majini. Basi sauti iliyosikiwa na masikio ya watu si yake kwa kawaida. Huenda ni udongo unashuka, au mnyama, au hewa za mwili. Na huenda ni mtu. Ikiwa aliyezikwa alikuwa katika wale wa shaka, na sauti ni ya mtu, ni wajibu kufukua mara ile ile. Kufukua kumeharamishwa kwa heshima ya maiti, na heshima ya aliye hai imetangulia. Hewa ya mwanandani ni chache, haingoji mashauriano ya mpaka kesho. Anayekimbia akisoma nyiradi akamwacha mtu anagonga kiunza, amekimbia wajibu.

Suali: Je, si kutegemea kwa Mwenyezi Mungu kuacha mambo haya, kwani muda ukifika umefika?

Jawabu: Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Muda u mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na mja hakuambiwa muda wa mwenziwe. Ameambiwa afanye sababu.

Suali: Mwanamke akifa naye ana mimba?

Jawabu: Hapa yumo aliye hai ndani ya maiti, na madhehebu ya Shafi'i yameliangalia. Ikiwa mtoto hutarajiwa kuishi, kama aliyefika miezi sita, tumbo hupasuliwa na atolewe, na hilo ni wajibu hata kama amekwisha kuzikwa. Na ikiwa hatarajiwi kuishi, hapasuliwi, bali mazishi hungojewa mpaka mtoto afe. Wala hairuhusiwi kufanya jambo la kumuua. Katika zama zetu suali hili huulizwa tabibu mara ile ile, kwani dakika chache hupambanua.

Suali: Nini hukumu ya mgonjwa anayepumuliwa na mashine?

Jawabu: Baraza la Fiqhi la jumuia ya nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliamua kwamba mtu huhesabika amekufa moyo na pumzi zikikoma kabisa na matabibu wakahukumu hapana kurejea, au kazi zote za ubongo zikikoma kabisa na matabibu wataalamu wakahukumu hivyo na ubongo ukaanza kuharibika. Baraza la Makka, mwaka 1987, likaruhusu kuondolewa mashine kwa aliyekufa ubongo, lakini likaona hukumu za maiti zisipitishwe juu yake mpaka pumzi na moyo vikome baada ya kuondolewa. Kwa hiyo haoshwi wala harithiwi mtu ambaye kifua chake kingali kikipanda kwa mashine mpaka hilo likamilike. Na katika hiyo ndiyo salama.

Suali: Mwenye khofu hii, afaa kuusia asizikwe kwa siku tatu?

Jawabu: Akiusia kwamba mauti yake yahakikishwe na tabibu, wasia wake ni mwema na utimizwe. Akiusia kucheleweshwa siku tatu hata kama mauti ni dhahiri, hilo limekhalifu sunna, wala jamaa hawalazimiki nalo.

FASILI YA SABA: Utaratibu wa wafiwa

Kwanza, atakapoonekana mtu amekata roho, afumbwe macho, afungwe taya kwa kitambaa laini, alainishwe viungo, na afunikwe nguo nyepesi, kama ilivyo sunna. Asifungwe pua wala kutiwa pamba kabla ya kuthibiti.

Pili, aitwe tabibu au mwuguzi aliyefundishwa. Atazame moyo, pumzi na macho. Asiyepata tabibu, kama katika visiwa na mashamba ya mbali, wakae watu wawili waadilifu wenye maarifa, wasikilize na kupapasa, kisha wangoje mpaka mabaka na ukakamavu wa taya uonekane. Hayo ni saa chache tu, nazo hupita katika kuchimba kaburi na kushona sanda. Kwa hivyo kuhakikisha hakuzuii kuzika siku ile ile.

Tatu, ikiwa ni katika wale wa shaka waliotajwa, apelekwe hospitali hata kama watu wamekwisha kulia. Kilio hakithibitishi mauti.

Nne, kibali cha mazishi kisichukuliwe kwa kumwambia karani tu kwamba fulani amekufa, hali hapana aliyemtazama.

Tano, muosha aambiwe sababu ya mauti na saa yake. Asifichwe kwa ajili ya aibu, ikiwa ni sumu au unga. Yeye amefungwa na amana ya kusitiri, na kumficha ndiko kunakoleta khatari.

Sita, kila msikiti uwe na watu wawili au watatu, wanaume na wanawake, waliofundishwa kuzijua alama hizi na kupulizia aliyezama. Kumuosha maiti na kumzika ni fardhi ya kifaya. Na kumwokoa aliye hai ni fardhi iliyo kubwa zaidi kuliko hiyo.

KHATIMA

Khofu ya kuzikwa hai haiondoki kwa kucheka, wala kwa kungoja siku tatu kila maiti. Huondoka kwa yakini. Yakini ikipatikana, maiti ana haki ya kuharakishwa, na kumweka ni kumdhulumu. Isipopatikana, aliye kitandani ana haki ya kungojewa, na kumzika ni kumdhulumu dhuluma isiyo na radhi. Wafiwa wa kweli hupambanua baina ya hizo haki mbili, wala hawasukumwi na jua, wala na wageni, wala na maneno ya watu.

Mwenyezi Mungu atuhuishe katika Uislamu na atufishe katika imani, atujaalie mwisho mwema, azipe nuru kaburi za waliotutangulia, na awape walio hai wenye huruma na maarifa pembeni mwao siku watakapokuwa hawawezi kujisemea. Amin.

Wallahu aalamu bis-sawabi.